Mahali pa Nyuma

Somo: Luka 14:7–11

Wapendwa, Bwana anawaambia walioalikwa karamuni: "nenda ukaketi mahali pa nyuma." Tumezoea kulisoma neno hili kama somo la adabu. Wiki hii tulipeleke uwanjani, kwa kiungo wa Italia, Andrea Pirlo.

Alikulia klabu ya Brescia akicheza namba kumi, nyuma ya washambuliaji. Klabu ya Inter ikamsajili 1998, namba hakupata. Januari 2001 akarudishwa Brescia kwa mkopo. Huko namba kumi ilikuwa na mwenyewe, Roberto Baggio. Kocha Carlo Mazzone akamshusha kijana hadi mbele kidogo tu ya mabeki.

Ungedhani ameshushwa cheo. Lakini namba kumi hupokea mpira akiwa amelipa goli mgongo, mkabaji akimpumulia kisogoni. Akichelewa kugeuka, kapokonywa. Aliye nyuma anauona uwanja wote. Tarehe 1 Aprili mwaka huo, ugenini kwa Juventus, Pirlo alipiga pasi ndefu iliyopita juu ya mabeki. Baggio akaituliza kwa mguso mmoja uliomwacha kipa Van der Sar, akafunga: 1-1.

Nafasi ile ina masharti yake. Mpira ukiwa bado njiani, kichwa kigeuke kulia na kushoto, mwili ukae upande, upokee kwa mguu ulio mbali na mpira unakotoka. Asiyetazama mapema hupokea mpira na adui kwa pamoja. Ndiyo maana kukesha hutangulia kutenda. Tena lazima awepo wa kukimbia. Milan, klabu yake ya baadaye, ilipotwaa ubingwa wa Ulaya 2003 na 2007, mbio na ukabaji vilikuwa vya kiungo mwenzake, Gattuso. (Makanisani kwetu akina Gattuso ndio wapanga viti, na matangazo huwasahau.)

Kuna na hatari. Mwaka 2010 Manchester United walimpa mchezaji wao Park Ji-sung kazi moja: kumganda Pirlo. Milan ikalala 3-2 nyumbani, kisha 4-0 Old Trafford, uwanja wa United. Ilikuwa na kasoro nyingine pia, ila mipira ikishazoea kupita kwa mtu mmoja, adui anahitaji kuziba njia moja tu. Usharika unaosubiri mzee mmoja aamue kila kitu uko hapo hapo.

Mwaka 2011 Milan ikamwacha aondoke bure, ana miaka 32. Juventus ikamchukua, ikabeba ubingwa misimu minne mfululizo.

Na lile neno la mwenye karamu kwa aliyeketi nyuma, "njoo huku mbele zaidi"? Dortmund, 4 Julai 2006, nusu fainali ya Kombe la Dunia, Italia na Ujerumani, bado 0-0. Dakika ya 119 kona inaokolewa, mpira unamkuta Pirlo nje ya boksi. Hapigi. Anatambaa nao kuelekea kulia, Wajerumani wanamfuata, mmoja, wawili, kisha bila kugeuza uso anaupenyeza katikati yao. Mwitalia mwenzake, Fabio Grosso, yuko peke yake, mguu wa kushoto umeshainuliwa.