Siku moja kwenye mafunjo ya Nabugabo

Saa kumi na mbili asubuhi. Tunasukuma mtumbwi, mimi na Mzee, mvuvi anayenipigia kasia. Ziwa Nabugabo, jirani na Masaka nchini Uganda, lilitengwa na Ziwa Victoria na ukanda wa mchanga takriban miaka 4,000 hadi 5,000 iliyopita. Kwa furu, samaki wadogo wa maziwa haya, muda huo unatosha spishi mpya kutokea: wapo humu ambao huwapati penginepo duniani.

Saa moja. Kwanza napima oksijeni, ndipo tunainua madema tuliyotega jana kwa chambo cha mkate. Ziwani hewa ya kutosha. Ndani ya mafunjo, ambako maji yametulia na majani yanaoza, kipimo kinaporomoka. Ninayemfuatilia ni samaki wa urefu wa kidole, Pseudocrenilabrus multicolor, anayeishi pande zote mbili. Jike mmoja koo limemvimba, ana vifaranga mdomoni. "Huyo mwache, mwanangu," anasema Mzee, nami nimeshamrudisha majini.

Saa tatu, chini ya mti. Hapa ndipo kazi ilipo. Samaki analazwa kwenye maji yenye mafuta kidogo ya karafuu hadi alegee. Nainua kifuniko cha shavu: matamvua, viungo vyake vya kupumulia, ya huyu wa mafunjoni ni marefu na yamesongamana, ya mwenzake wa ziwani ni mafupi. Nakata kipande cha pezi kidogo kuliko punje ya mchele, nakitia kwenye kichupa cha spiriti, naandika namba kwa penseli kwa sababu spiriti hufuta wino.

Mzee anatazama. "Lakini hawa si nkejje wale wale?" Nkejje ndiyo furu kwa Kiganda.

Ndilo swali lenyewe, Mzee. Watafiti waliwahi kuchukua ndugu wa tumbo moja, wakawalea wengine kwenye maji yenye oksijeni tele na wengine kwenye maji yenye oksijeni haba. Waliokulia kwenye oksijeni haba waliota matamvua makubwa zaidi. Sehemu kubwa ya tofauti hii basi hujengeka samaki akikua, hairithiwi. Ndiyo maana sikubali mtu atangaze spishi mpya kwa kutazama umbo tu. Vipande hivi vya pezi vitaonyesha kama jeni za pande hizi mbili bado zinachanganyika.

Saa saba, matoke na karanga.

Saa nane. Napanga vichupa, na mwanafunzi aliyekuja kujifunza ananiuliza kuhusu Ziwa Victoria. Lilikauka, likajaa tena takriban miaka 15,000 iliyopita, na sasa lina spishi 500 hivi za furu. Uchambuzi wa vinasaba uliochapishwa 2017 ulionyesha chimbuko lao ni nasaba mbili za samaki zilizozaana, moja ya upande wa Kongo, nyingine ya Nile ya juu. Aina tofauti za jeni zilikuwapo tayari, zikachanganywa upya, zikiwemo za jicho linavyopokea rangi. Hawakuhitaji kusubiri mabadiliko mapya yatokee. Habari hii hunifurahisha kila ninapoisimulia.

Saa kumi. Tunazunguka ukingoni. Sangara aliletwa Nabugabo miaka ya 1960 na akawamaliza furu wengi. Hawezi maji yenye oksijeni haba, ndiyo maana walionusurika wamejificha humu. Upande wa kusini tunakuta mafunjo yamechomwa ili papandwe mazao. Napima oksijeni hapo pia, nachora mpaka wa palipoungua. Kesho asubuhi nitaupeleka kwa mwenyekiti wa kijiji, na Mzee amesema tutakwenda pamoja.