Nimetoka Chennai

Nilimsindikiza mama kwenye matibabu ya moyo. Siku za vipimo nilibaki na muda mwingi, nikawa napanda basi tu na kuangalia watu.

Nilijua Tamil Nadu, jimbo la India ambalo Chennai ndiyo mji wake mkuu, wanaunda magari, Hyundai wapo huko tangu miaka ya 1990, na siku hizi hata iPhone. Kilichonishangaza ni wanawake. Njia ya Sriperumbudur, eneo la viwanda nje ya Chennai, alfajiri, mabasi ya viwandani yamejaa mabinti wenye maua nyweleni wakiwahi zamu. Zaidi ya asilimia 40 ya wanawake wote wanaofanya kazi viwandani India wako jimbo hilo. Jimbo moja, jamani!

Mzee mwenye nyumba tuliyopanga anasema yote yalianzia kwenye sahani. K. Kamaraj, aliyeongoza jimbo miaka ya 1950, aliwapa watoto wa shule chakula cha mchana, M. G. Ramachandran, aliyekuja kuongoza jimbo baadaye, akakipanua mwaka 1982. Watoto wakabaki darasani, na wasichana nao. Mzee alirahisisha kidogo, maana kuwa na bandari nako si haba, lakini hoja yake imeniganda.

Si peponi lakini. Maji tulikuwa tunaletewa na boza, na foleni usiseme.

Jana nikamwambia bodaboda wangu wa Mbagala kwamba TVS, wale wa pikipiki, wana kiwanda kikubwa Hosur, jimbo hilohilo. Akanikazia macho: "Sasa dada, ulifika mpaka huko ukashindwa kuniletea hata cheni?"