Usiku 14 au 19

Kipindi hicho nilikua naingiza data kwa mfanyabiashara mmoja wa dagaa pale Kirumba mwaloni, Mwanza. Dagaa wa ziwa wanavuliwa gizani kwa taa, mbalamwezi ikikolea mitumbwi inapumzika, na hapo ndo wavuvi wanakuja kuchukua hela yao.

Sasa kwenye ile databesi ya MySQL, programu ya kutunza data kwenye majedwali, nilikuta kila mtumbwi una mstari mmoja tu, na safu moja ya maandishi ambayo kila usiku inaongezwa herufi, D kama wametoka, X kama hawajatoka. Unakuta DDXDDDXD na kuendelea huko, mi kazi yangu kuhesabu D. Nahesabu kwa macho, kidole kwenye skrini, mtu akinisalimia naanza upya.

Siku hiyo nikawaza, kwani lazima nizihesabu? Si nizitoe tu zote nione maandishi yamepungua kiasi gani! Yaani LENGTH (amri inayotoa urefu wa maandishi) ya safu nzima, toa LENGTH ya safu hiyohiyo ikishapitia REPLACE, amri ya kubadilisha herufi, inayofuta D. Hiyo DDXDDDXD ina herufi 8, ukifuta D zinabaki 2, basi usiku 6. Mitumbwi yote ikajibu papo hapo, nilifurahi jamani.

Jioni tunalipa, akafika nahodha mmoja mzee.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Hapa umeniandikia 14, mi nimelala ziwani usiku 19."

Akaanza kunitajia usiku mmoja mmoja, ule wa upepo, ule taa iliwazimikia, ule walioshinda na wavu uliochanika, hababaiki hata kidogo. Nikafungua mstari wake. D kubwa 14, d ndogo 5! Kumbe REPLACE ya MySQL inatofautisha herufi kubwa na ndogo, na mi nilikua nimezoea ukitafuta kwa WHERE inakuletea zote, kubwa na ndogo, sikuwaza kabisa. Nikapitisha safu kwenye UPPER kwanza, inayogeuza herufi zote kuwa kubwa, ikatoka 19 kama alivyosema.

Nikamuomba radhi, nikalipa. Ila na mtumbwi mwingine namba ilipanda kwa usiku 2, na mwenyewe alishapokea akaondoka. Nikachukua tofauti yake nikashuka mbio mpaka majini, nikamkuta anaziba mtumbwi kwa pamba. Akafuta mikono kwenye kaptula, akazihesabu noti, akaziweka mfukoni akaendelea kuziba.