Jinsi Tulivyolirudishia Hori Letu Maji Yake

Upande wa magharibi wa Pemba umekatikakatika. Kuna vilima vya udongo mwekundu, mabonde ya mpunga baina yake, kisha bahari inaingia ndani kwa mikono mirefu yenye mikoko kulia na kushoto. Nje, ukishavipita visiwa vidogo, sakafu ya bahari inaporomoka mpaka kina cha mita 800 hivi katika mkondo unaotutenga na Tanga. Ndani ya hori, yaani mkono mmoja wa bahari kama hiyo, mambo ni mengine kabisa: tope hadi magotini, na kazi zote zinafuata kujaa na kupwa.

Diko letu, pale tunapoegesha mashua na kushusha samaki, limo ndani ya hori moja la namna hiyo, kusini ya Wete, na kwa miaka lilikuwa linafukiwa. Mashua zilizozoea kuingia maji yakiwa nusu zikaanza kusubiri yajae kabisa. Siku za maji mafu, ambapo bahari haipandi wala kushuka sana, hazikuingia tena. Wavuvi wakawa wanashukia mbali, wanakuja topeni na makapu kichwani, na mpaka samaki wafike kwa mchuuzi wameshalegea na bei imeshashuka. Aliyekuwa na familia ya kulisha alikuwa anaumia kila mwezi.

Kamati ya wavuvi, ambayo mimi ni katibu wake, ilikuwa imeshaanza kuzungumzia kutafuta mfadhili wa kuleta kijiko, ile mashine ya kuchimbia, kichimbe. Mimi nasomesha jiografia skuli, na nilijua jambo moja: shimo ukilichimba katika tope bila kujua kwa nini tope linakaa pale, litajaa tena, na pesa zitakuwa zimezikwa humo humo. Nikaomba nipewe muda wa kupima, na wanafunzi wangu wanisaidie. Wakakubali, baadhi yao kwa shingo upande.

Tulianza na urefu wa maji. Tulichukua bomba la plastiki, tukalitia alama za rangi kila sentimita 10, tukalisimamisha pale dikoni, jingine mdomoni mwa hori na jingine nyuma kabisa. Kazi ya mtoto ilikuwa kusoma alama kila nusu saa na kuandika. Huku kwetu tofauti baina ya maji makavu na maji kujaa hufika karibu mita 4 katika bamvua kubwa, siku ambazo bahari hujaa na kupwa sana, na hushuka mpaka karibu mita 1 maji yanapokufa, kwa hivyo kipimo cha siku moja hakisemi kitu. Lazima upime bamvua na upime maji mafu.

Kisha kasi ya mkondo. Hapa tulitumia machungwa. Chungwa huelea karibu lote likiwa chini ya maji, upepo haulisukumi sana kama unavyosukuma chupa tupu, rangi yake inaonekana kutoka mbali, na likipotea hakuna hasara. Tulifunga kamba mbili kuvuka hori, mita 20 baina yake. Mmoja anatupa chungwa juu ya kamba ya kwanza, mwengine anashika simu na kuhesabu sekunde mpaka lipite kamba ya pili. Tulirudia maji yakijaa na yakipwa mpaka watoto wakawa wanaweza kukisia jibu kabla chungwa halijafika.

Jibu lilinishtua. Pale dikoni maji yalikuwa yanaingia kwa kasi na kutoka kwa uvivu, na tofauti ilikuwa kubwa kiasi kwamba hukuhitaji simu kuiona.

Hilo lina maana nzito kwa tope. Wataalamu wawili wa Uholanzi, van Straaten na Kuenen, walilieleza miaka ya 1950 walipoichunguza Bahari ya Wadden. Punje iliyobebwa na maji yanayojaa haitui papo hapo mkondo unapopungua. Inaanza kushuka, lakini huku inashuka bado inasukumwa ndani, inatua mbele zaidi. Maji yakigeuka, kuinyanyua kunataka nguvu zaidi ya ile iliyotosha kuibeba, kwa hivyo inachelewa kuondoka na hairudi ilikotoka. Kila maji yakijaa na kupwa, yaani kila saa 12 na dakika 25 hivi, inakuwa imesogea ndani kidogo. Mkondo wa kuingia ukiwa ndio wenye nguvu kuliko wa kutoka, hori linageuka pampu ya tope.

Nilitaka pia wanafunzi waone kwa macho kwa nini tope linatua pale pale tunapoegesha mashua. Tulichukua chupa mbili za maji za lita moja na nusu. Moja tulitia maji ya mvua, ya pili maji ya bahari tuliyoyachuja kwa kitambaa. Kila moja ikapata kiganja cha udongo mwekundu wa mlimani, tukatikisa, tukaziweka dirishani. Kabla ya kengele ya mapumziko chupa ya bahari ilikuwa imeshabadilika: ukitazama karibu unaona vibonge vidogo mno vinashuka, laini, vinashikana njiani, na juu maji yanaanza kupata mwangaza. Ile ya mvua ilikuwa nyekundu tupu, na kesho yake asubuhi bado nyekundu.

Punje za udongo wa mfinyanzi zina chaji ya umeme inayozifanya zisukumane. Chumvi inaudhoofisha msukumano huo, punje zinagusana, zinagandana, na bonge linashuka upesi kuliko punje moja moja. Punje ya mikroni 2, yaani sehemu mbili tu kati ya elfu za milimita, ikiwa peke yake, katika maji yaliyotulia, huchukua karibu siku 3 kushuka mita moja. Bahari haitulii siku 3, kwa hivyo punje hizo zisingetua, zingetoka zote. Chumvi ndiyo inayozitua. Na mahali ambapo maji mekundu ya mvua ya masika yanakutana na maji ya chumvi ni pale pale mbele ya diko letu.

Lakini mvua ya masika haikuanza juzi, na vilima ni vile vile. Kwa nini zamani diko halikujaa? Jibu la hilo sikulipata kwenye bomba wala chungwa. Alinipa mzee mmoja, fundi wa mashua, aliyekuja kukaa na sisi chini ya mkungu siku tulipokuwa tunapima.

"Maalim," akaniambia, "hori hili zamani lilikuwa linatema. Maji yakipwa, ukitia kasia unalisikia linavutwa mkononi. Siku hizi linameza tu."

"Lini liliacha kutema, mzee wangu?"

Akaelekeza kidole nyuma, kwenye shamba la chumvi. "Tangu lile tuta."

Nyuma ya hori letu palikuwa na uwanda wa mikoko, mikandaa na mchu. Mtu alipewa, akaufyeka, akauzungushia tuta la udongo ili atengeneze chumvi. Chumvi haikumlipa, akaliacha shamba. Tuta likabaki, na ndani yake hakurudi mti. Nilikwenda kulizunguka na wanafunzi, tukapata kiasi cha ekari 15, sawa na hekta 6. Kwa alama za zamani kwenye visiki, maji ya bamvua yalikuwa yakipanda pale kama nusu mita. Piga hesabu: mita za mraba 60,000 kwa nusu mita ni mita za ujazo 30,000 za maji, yaliyokuwa yakiingia na kutoka mara mbili kwa siku. Ukiyagawa kwa saa sita za kupwa unapata karibu ndoo sabini za lita 20 kila sekunde, zote zinapita mbele ya diko. Maji hayo yote yalikuwa yamefungiwa nje.

Na hayakuwa maji ya kawaida. Katika hori lenye mikoko, maji yanapopanda juu ya kingo hutawanyika mitini na kupunguzwa kasi na mizizi. Yanapopwa huchelewa kutoka, kisha yanamiminika kwa pamoja kupitia mkondo mmoja wakati hori lenyewe limeshashuka. Eric Wolanski, aliyechunguza mikoko ya Australia kwa miaka mingi, ameeleza vizuri jinsi hali hiyo inavyoufanya mkondo wa kutoka uwe na nguvu kuliko wa kuingia na kuufagia mfereji. Tangu 1931 mhandisi wa Marekani, Morrough O'Brien, alikuwa ameshaonyesha kwamba ukubwa wa mdomo wa hori unafuata wingi wa maji yanayopita humo kila kujaa na kupwa. Punguza maji, na mdomo utajibana mpaka uyatoshe machache yaliyobaki. Kijiko hakiwezi kushindana na kanuni hiyo.

Kikao cha kamati kilikuwa kigumu. Nahodha mmoja alinyanyuka na swali ambalo mpaka leo naliona ndilo swali bora nililoulizwa: "Maalim, maji ndiyo yanayotuletea tope. Wewe wataka kutuongezea maji?"

Sikumjibu kwa maneno. Niliwaomba waje na machungwa yao wenyewe siku ya bamvua, wahesabu wao, kwanza dikoni, kisha katika hori jirani ambalo nyuma yake mikoko haijaguswa. Wakaja. Dikoni waliona kile tulichokiona sisi. Kwa jirani chungwa la kupwa liliondoka kwa kasi hata aliyelitupa akacheka. Nahodha yule ndiye aliyetoka akisema tuandike barua.

Barua zilipita kwa Sheha, kisha Wilayani, na watu wa misitu na wa mazingira wakaja kuangalia. Familia ya aliyekuwa na shamba ilikubali kwa maandishi. Sehemu hii ilichukua muda kuliko kupima na kuchimba pamoja, na sina cha kumfundisha mtu hapo isipokuwa kuhifadhi nakala ya kila karatasi.

Kulikata tuta kunataka akili. Wengi walitaka kulibomoa lote. Mimi nilisimamia tulikate mahali pamoja, pale ambapo mkondo wa zamani ulipita. Ulikuwa bado unaonekana, mstari wa chini wenye unyevu kati ya visiki. Tulichagua siku za maji mafu ili maji yasituvamie kazini. Tulichimba kwa majembe na pauro, na udongo wote ukabebwa kwa magunia mpaka juu ya mstari wa bamvua, kwa sababu ukiutupa mkondoni umejitengenezea tatizo upya. Kingo za mkato tulizipanga magunia ya mchanga. Tulikata nafasi ndogo kuliko tuliyoitaka, kisha tukaiacha bamvua iitanue yenyewe. Na iliitanua.

Kabla ya hapo tulikuwa tumeshapigilia nondo mbili mbili topeni, dikoni na mdomoni. Juu ya kila jozi unalaza ubao ulionyooka, unapima kwa rula kutoka kwenye ubao mpaka kwenye tope sehemu kadhaa katikati, mbali na nondo zenyewe, kwani pembeni yake maji huchimba kishimo kinachodanganya. Bila nondo zile tungebaki kubishana kwa hisia.

Wiki za mwanzo hali ilikuwa mbaya kuliko kabla. Maji ya kwanza kutoka yalikuwa meusi na yananuka yai bovu, harufu ya tope lililokaa miaka bila hewa. Mkondo mpya ulipokuwa unajichonga shambani, tope lake lilishuka dikoni. Akina mama wanaookota chaza walikuja kulalamika, na walikuwa na haki. Tulikuwa tumewaeleza mapema kwamba hilo litatokea, lakini kuelezwa na kupoteza chakula cha siku ni vitu viwili. Kamati ilikubaliana wapewe nafasi ya kwanza ya kununua samaki dikoni kwa muda huo.

Kusi lilipotulia, nondo zikaanza kusema. Mkondo mbele ya diko ulikuwa umeshuka kwa kiganja kizima, kisha zaidi. Chungwa la kupwa likalipita la kujaa. Siku za bamvua mashua zinaingia tena maji yakiwa nusu. Maji mafu bado ni shida, na sitamdanganya mtu: hekta 6 hazirudishi kila kitu.

Ndani ya shamba michu imeota yenyewe, mbegu zimeletwa na maji, zikatua katika usawa unaozifaa. Tuliletewa wazo la kupanda mikoko kwa mistari ili picha zitoke vizuri. Nililipinga na nitaendelea kulipinga. Mche uliopandwa chini mno unazama muda mrefu na kufa, hata ukipandwa na watu elfu. Mpe maji njia yake kwanza, kisha uangalie wapi hapajaota.

Udongo wa vilimani nao haujaacha kushuka. Wenye mashamba ya juu wameanza kupanda mistari ya mchaichai kukata mteremko, na wanauza majani yake, jambo lililowashawishi kuliko hotuba zangu zote.

Kazi iliyobaki ni barabara inayovuka mkono wa pili wa hori letu. Imejengwa juu ya tuta lenye bomba moja jembamba. Tumeshasimamisha alama pande zote mbili: upande wa bahari maji yanapanda na kushuka kama kawaida, upande wa ndani yanachelewa na hayafiki nusu ya urefu huo. Tunangoja bamvua kubwa la mwezi wa Machi tusome alama hizo usiku na mchana, kisha vipimo hivyo ndivyo tutakavyoambatanisha na barua ya kuomba kalavati pana.