Dagaa, ndagala, kapenta

Kuna swali vijana wa hapa Marekani wananiuliza sana, anti wewe ni wa wapi hasa, maana ukiongea mara unakuwa Mkongo, mara Mzanzibari, mara mtu wa bara. Huwa nawajibu Ujiji na maongezi yanaishia hapo. Leo sina shifti, nimeshapika, simu nimeiweka mbali, kwa hiyo acha nijibu vizuri mara moja niwe nimemaliza.

Baba yangu alikuwa mvuvi wa dagaa. Wanaojua Kigoma wanajua dagaa anavuliwa usiku wa giza, wavuvi wanatoka na karabai, dagaa wanafuata mwanga, na mbalamwezi ikishakuwa kubwa watu wanapumzika wanashona nyavu. Mimi nikiwa mdogo nilikuwa nakaa nje na mama tunaangalia zile taa kwa mbali ziwani, zimejipanga kama mji, na kwa miaka kadhaa niliamini kabisa ule ni mji wa Kongo. Nilimwambia mama nikikua nitaenda kuishi pale penye taa. Hakunikatalia, akasema haya mwanangu, utaenda.

Ziwa letu, Tanganyika, lina nchi nne, Tanzania, Kongo, Burundi na Zambia. Kwetu samaki huyu anaitwa dagaa, ukifika Bujumbura anaitwa ndagala, ukishuka Mpulungu, Zambia, ni kapenta, na ni kile kile kisamaki cha kidole. Mimi nimemla kwa majina yote matatu.

Burundi nilienda 1989 kwa shangazi yangu Buyenzi, alikuwa anauza vitenge. Buyenzi ni mtaa wa Waswahili katikati ya Bujumbura, msikiti, maandazi asubuhi, kila mtu anaongea Kiswahili lakini sio changu mimi. Wateja wengi walivuka kutoka Uvira, upande wa Kongo, ni karibu tu pale, na siku ya kwanza mama mmoja wa Kikongo aliniambia bwana yake anatumika Kalemie, mimi nikamwonea huruma kweli, nikawaza nani huyo anamtumia mume wa mtu. Shangazi akanieleza baadaye kwamba kwa wenzetu kutumika ni kufanya kazi. Maneno ya hivyo nilikuwa nayaandika nyuma ya daftari la madeni. Ndeke ni ndege ya kupaa. Mayi ni maji. Sikuwa na mpango wowote nayo, nilitaka tu wateja wasinizunguke kwenye bei.

Tarehe 21 Oktoba 1993 wakamuua Rais Ndadaye, aliyechaguliwa Juni ya mwaka ule ule. Niliyoyaona wiki zile sitayaandika hapa. Nilirudi Kigoma kwa boti na begi moja, shangazi alikataa kuondoka, na mimi sijamwona tena.

Baada ya hapo nikaanza safari za Mpulungu kwa meli ya Liemba, nikipeleka mawese na vitenge, na hii meli naipenda sijui nisemeje. Wajerumani waliijenga kwao Papenburg mwaka 1913, ikaja vipande vipande mpaka Kigoma ikaungwa pale, vita ilipowaelemea 1916 wakaizamisha wenyewe lakini mafundi wakaipaka mashine grisi kwanza ili isioze, ikalala chini mpaka 1924 Waingereza wakaiopoa na 1927 ikarudi kazini. Sasa wakati ule vijiji vingi njiani havikuwa na gati. Meli ilikuwa inasimama mbali na ufukwe, inapiga honi, hata kama ni saa nane za usiku, halafu unasikia makasia gizani na mitumbwi inakuja inagombania ubavu wa meli, watu wanapanda na wengine wanashuka kwa wakati mmoja, kuku, magunia, mgonjwa amebebwa kwenye shuka, mtu anapokea mtoto asiyemjua anamshika mpaka mama yake apande. Na mimi nilishika watoto wengi sana. Unampokea kwanza, mengine baadaye, na mama yake hana muda wa kukuuliza wewe nani.

Oman nilifika 2001. Wakala aliyenipeleka alinikata mishahara miwili bila kunieleza, na nilikuwa sina wa kumlalamikia, hilo bado linaniuma. Lakini nyumba niliyoangukia ilikuwa ya kheri. Kazi yangu ilikuwa kumwangalia bibi mmoja mtu mzima, mzaliwa wa Wete, Pemba, aliyeondoka na wanawe baada ya mapinduzi ya 1964. Wengi hawajui kwamba Sultan Qaboos alipochukua nchi 1970 aliwaita Waomani waliokuwa nje warudi kujenga, na waliotoka kwetu wengi walikuwa wamesoma, wakaingia wizarani na maofisini, na mpaka leo ukiwa Muscat utakuta nyumba nzima wanaongea Kiswahili wakiwa wamejifungia ndani.

Bibi asubuhi ya kwanza akaniambia, we mtoto wee, kaniletee boflo. Nikasimama kama mti. Boflo ni mkate! Akanitazama akasema, mwanangu, Kiswahili chako cha bara hiki nitakinyoosha. Na alikinyoosha kweli. Nikisema naenda, ananirudisha, sema nnakwenda. Nikisema shule, anasema skuli. Jioni alikuwa ananifanya nimsimulie soko la Ujiji, nani anakaa wapi, anauza nini, kwa bei gani, na hajawahi kufika Ujiji hata siku moja. Alitaka tu kusikia bei kwa Kiswahili. Miaka mitano nilikaa naye, na alipofariki wanawe waliniita nikae na wafiwa, sio jikoni, na hiyo heshima sijaisahau.

Marekani ni bahati nasibu ya grini kadi, 2009. Nilianza kwenye maghala hapa Louisville, Kentucky, kufunga maboksi usiku, miguu inavimba, sina la kusema zaidi kuhusu hilo. Halafu wakaanza kuja Wakongo kwa wingi kutoka Nyarugusu, ile kambi ya kule kwetu Kasulu iliyofunguliwa 1996, na hospitali zikawa zinatafuta wakalimani wa Kiswahili. Ndiyo kazi yangu mpaka leo, ya simu, hedifoni kichwani. Sheria ya kazi ni kwamba unaongea kama aliyeongea. Hausemi mama anasema tumbo linamuuma, unasema tumbo linaniuma. Kwa siku moja mimi nimejifungua, nimefiwa, nimeambiwa nina sukari.

Sasa kuna siku ilipigwa simu, mama mtu mzima, daktari ananiambia huyu ameshapelekwa kupimwa masikio mara mbili na hana tatizo lolote. Nikamuuliza mama kwa niaba ya daktari, unasumbuliwa na nini. Akasema, sisikie muzuri. Nikajua hapo hapo. Mkalimani aliyepita, nafikiri mtu wa pwani, alisikia hasikii vizuri akapeleka kama lilivyo, wakati kwa mama yule sisikie muzuri ni sijisikii vizuri, mwili mzima. Nikaomba ruhusa kwa daktari nimwulize afafanue, akaeleza, moyo unapiga mbio, usiku hapati usingizi, ametapika. Miezi alikuwa amebeba neno lile analirudia na wao wanamwangalia masikio. Daktari alinyamaza kidogo kisha akaanza kuuliza maswali ya maana.

Nilivyofungua mdomo kuongea kama wale wateja wangu wa Buyenzi, nikamsikia mama anavuta pumzi. Mwishoni akaniuliza, mwanangu, wewe ni wa wapi? Haturuhusiwi kupiga stori, na chochote kikisemwa lazima daktari naye akipate, kwa hiyo nikamwambia daktari, mama ameniuliza mimi ni wa wapi, akasema mjibu tu. Nikasema Ujiji. Akapiga kelele ya furaha, Ujiji! Yeye ni wa Baraka, Fizi, Kongo, ng'ambo ya ziwa letu, alivua na baba yake. Akasema, sisi tulikuwa tunaona taa zenu usiku, mimi nilizania ni Kigoma.

Daktari akauliza amesema nini. Nikamtafsiria neno kwa neno, kwa mimi, kama sheria inavyotaka.