Shati jeupe, uso mweusi: mwanga na rangi kwenye kamera ya dijitali

Kamera haijui inapiga nini. Kipimo chake cha mwanga hudhani kwamba kila kilicho mbele ya lenzi, kikichanganywa pamoja, ni kijivu cha wastani, yaani kitu kinachorudisha takriban asilimia 18 ya mwanga unaokiangukia. Ielekeze kwenye ukuta mweupe, itapunguza mwanga mpaka ukuta uwe kijivu. Ielekeze kwenye koti jeusi, itaongeza mpaka koti lipauke. Ndiyo maana kitufe cha +/− hutumika kinyume na wengi wanavyodhani: weupe ukijaa kwenye fremu, ongeza, kuanzia +1 hadi +1.7, weusi ukijaa, punguza, −1 hivi.

Mtihani wenyewe ni mtu mweusi aliyevaa shati jeupe. Ukiiachia kamera iamue, inaliona shati, inabana mwanga, na uso unazama gizani. Halafu unaambiwa utaunyanyua kwenye kompyuta. Utanyanyuka kweli, lakini utakuja na chenga (chembechembe za kuchafua picha), na ngozi itapata rangi ya majivu. Uso upate mwanga wake palepale unapopiga.

Weka kamera kwenye M, yaani unapanga mwanga mwenyewe, kisha badili upimaji uwe wa nukta ya katikati pekee. Pima shavu la upande unaopata mwanga. Usipime paji la uso, kwa sababu jasho na mafuta hung'aa na kudanganya kipimo. Ngozi nyeusi sana, sindano ya kipimo cha mwanga ikae karibu na −1, maji ya kunde, karibu na 0, nyeupe, +1. Tuseme mko nje kivulini, umepata ISO 100 (wepesi wa kuhisi mwanga), f/4 (uwazi wa lenzi) na 1/200 (sehemu ya sekunde ambayo shata, pazia la kamera, hubaki wazi). Piga moja, washa alama inayopepesa kwenye sehemu zilizoungua, yaani zilizopata mwanga kupita kiasi, uangalie shati. Mikunjo ya kola ikipepesa, nenda 1/250, ikibidi 1/320. Kila hatua hapo ni theluthi moja ya stopu (stopu moja ni mwanga kuongezeka maradufu au kupungua nusu), na uso hautaumia. Doa dogo likipepesa kwenye kifungo, achana nalo. Shati zima likipepesa, tatizo si namba tena, ni mahali aliposimama: msogeze kwenye mwanga laini zaidi.

Usiamini kioo cha nyuma. Juani kila picha huonekana nyeusi, usiku kila picha huonekana safi. Soma histogramu, grafu ya mgawanyo wa giza na mwanga kwenye picha, na usome ile yenye nyekundu, kijani na buluu kila moja peke yake. Gauni jekundu linaweza kuunguza nyekundu yote huku grafu ya jumla ikionekana salama, na matokeo yake ni bapa la rangi lisilo na mkunjo hata mmoja. Kumbuka pia kwamba kwa kawaida grafu hiyo hutokana na JPEG (picha ambayo kamera imeshaichakata) hata kama unapiga RAW (data ghafi), hivyo mtindo wa picha wenye rangi kali huonyesha kuungua mapema kuliko hali halisi.

Sasa rangi. AWB, yaani urari wa weupe (WB) ambao kamera hujipangia yenyewe, siipendi kwa kazi ya picha nyingi. Mtu akigeuka kidogo na ukuta wa kijani ukaingia nyuma yake, kamera inabadili mawazo, na picha kumi zinatoka na ngozi za aina kumi. Afadhali rangi iliyokosewa kwa namna moja, maana utairekebisha mara moja tu. Weka Kelvini, namba ya rangi ya mwanga, mwenyewe: balbu ya kizamani ni karibu 2800, jua la mchana 5200 hadi 5600, kivulini 7000 au zaidi.

Kadi ya kijivu ni bora zaidi. Ishikwe pale uso ulipo, mwanga uleule uiangukie, na kivuli chako kisiifikie. Ijaze katikati ya fremu, piga, kisha ichague picha hiyo kwenye menyu ya WB ya kujiwekea. Isiwe imeungua, la sivyo haitasaidia kitu. Karatasi ya printa si mbadala mzuri: nyingi zina kemikali za kung'arisha zinazotoa buluu zikipigwa na jua, na kamera hujibu kwa kuongeza unjano.

Kadi haiponyi mwanga uliochanganyika. Dirisha kushoto, balbu kulia, basi nusu ya uso itakuwa ya buluu au nusu ya chungwa, chagua mwenyewe. Zima balbu. Kama ni lazima iwake na unatumia flashi, funika flashi kwa plastiki ya chungwa ya kazi hiyo, kisha weka WB ya balbu.

Taa za LED za bei rahisi zina vituko viwili. Baadhi ya rangi hazimo kabisa katika mwanga wake, hivyo hakuna WB itakayorudisha wekundu wa ngozi. Pia nyingi hupepesa: penye umeme wa hezi 50 hufanya hivyo mara 100 kwa sekunde, na shata ya 1/500 itakuletea mistari au rangi inayobadilika kila picha. Shuka hadi 1/100 au 1/50. Penye hezi 60, tumia 1/120, na kama kamera yako haina hiyo, 1/125 au 1/60.

Na picha zikitoka nyeusi kwenye karatasi ilhali kwenye kompyuta zilikuwa safi, usiguse kamera. Shusha kwanza mwangaza wa skrini.