Salamu si ngumu, kuitikia ndiko kugumu

Anayejifunza Kiswahili mara nyingi hakosei kusalimu, hukosea kuitikia. Mwambie "Mambo?" akujibu "Nzuri", papo hapo utajua ametoka darasani. Habari ndiyo huwa nzuri, njema au salama. Mambo huwa poa, safi, freshi, shwari. Hata ukishikilia sarufi, mambo ni mazuri, si nzuri.

Hujambo ni neno "jambo" lililovishwa kiambishi cha kukanusha: sijambo, hujambo, hajambo, hatujambo, hamjambo, hawajambo. Unaulizwa kama huna jambo lililokupata, basi jibu ni "Sijambo". Lile "Jambo!" tupu la ufukweni Zanzibar na Mombasa huambiwa watalii. Ila Goma na Bukavu ni salamu ya kweli ya kila siku, kwa hiyo usimcheke Mkongo.

Yenye mitego zaidi ni shikamoo. Tanzania, mdogo ndiye anayemwamkia mkubwa, na mkubwa ana jibu moja tu: "Marahaba." Wakubwa wakiwa wengi, "Shikamooni." Baada ya hapo mkubwa ndiye anayeendeleza, "Hujambo?", nawe unamalizia "Sijambo". Kumwanza mzee kwa "Hujambo?" kunamkera, maana kwa mazoea ya Tanzania salamu hiyo hushuka, haipandi. Ndiyo anayoulizwa mtoto.

Nani aamkiwe? Aliye rika la wazazi wako mwamkie bila kufikiri, awe ndugu au muuza nyanya. Aliyekuzidi miaka 10 hivi, mwamkie pia. Pagumu ni kwenye miaka 3 mpaka 5. Mjini, dada wa miaka 30 anaweza kukujibu "Usinizeeshe bwana!", anacheka lakini amemaanisha. Ukisita, sema "Habari za saa hizi?" Haimzeeshi mtu wala haimvunjii heshima. Na mwenzako wa rika moja akikuwahi kwa "Marahaba" kabla hujafungua mdomo, anakutania tu, mrudishie utani.

Nairobi shikamoo huisikii sana. Mzee atatosheka na "Habari yako, mzee?" na mkono. Vijana wana "Niaje?" na "Sasa?" Mtanzania akiambiwa "Sasa?" hubaki anasubiri sentensi iishe.

Kosa jingine ni haraka, hasa kwenye simu. Mtu anapokea, unamwambia "Naomba ile namba." Umemkosea. Mwendo wenyewe ni huu:

"Shikamoo mama."
"Marahaba mwanangu, hujambo?"
"Sijambo. Habari za huko?"
"Nzuri tu. Watoto hawajambo?"
"Hawajambo, ila mdogo ana mafua."
"Eh, pole. Mpe pole yake."
"Asante mama. Samahani, nilikuwa na shida kidogo..."

Angalia mafua yalipoingia. Jibu la kwanza huwa zuri hata mambo yakiwa mabaya, na baya hupita nyuma ya "ila". Anayeanza na "Mbaya" anamtisha msikilizaji, kwamba pengine kuna aliyefariki.

Kwenye msiba wenyewe habari haiulizwi kwanza. Ingia na "Poleni." Watajibu "Asante" au "Tumeshapoa."

Salamu za dini nazo zina jozi zake. "Assalamu alaykum" huitikiwa "Waalaykumu salaam". "Tumsifu Yesu Kristo" ya Wakatoliki huitikiwa "Milele amina", na "Bwana Yesu asifiwe" huitikiwa "Amina". Usiyejua jozi, itikia kwa heshima kisha uulize habari.

Mlangoni kuna hodi. Ipige kwa sauti, simama pembeni ya mlango usichungulie, na usiingie mpaka usikie "Karibu." Mwisho ni mara tatu. Ya tatu ikipita kimya, ondoka, hata kama redio unaisikia ndani.